Doa Lina Umri Wake

Miswada ya hadithi ninayopewa niisome imejaa vitu vichafu. Ukuta mchafu, shati lenye madoa, meno ya njano, shuka lililobadilika rangi. Mwandishi huviandika akiamini tayari amejenga mandhari, kisha hushika njia yake. Ukimwuliza shati lile lilipatia wapi doa, hana jibu. Ukimwuliza ni la tangu lini, hana jibu. Na kwa kuwa yeye hajui, msomaji naye haoni kitu. Ameambiwa tu kwamba kuna uchafu mahali fulani, na uchafu usio na habari husahaulika kabla ukurasa haujafunuliwa.

Ushauri wangu kwa mtunzi ni kwamba asianze na rangi. Aanze na tukio. Doa ni jambo lililotokea: kitu kilimwagika, kilivuja, kiliungua, kililala majini, kilipigwa jua mwaka mzima. Baada ya kutokea, jambo hilo liliendelea kufanya kazi polepole, rangi ikapanda au ikashuka, na mara nyingi kuna mtu aliyejaribu kulitoa akashindwa, au akalitoa nusu. Mtunzi anayejua kilichotokea, muda uliopita na nani alihangaika nalo hahitaji kutafuta kivumishi. Rangi itamjia, na itakuwa rangi ya kweli.

Tuanze na utomvu wa mgomba. Aliyekulia Bukoba, Rungwe, Machame au Kisii anaujua bila kufundishwa. Mkungu unapokatwa, utomvu hutoka mwepesi, karibu hauna rangi. Ukidondokea nguo nyeupe huoni kitu zaidi ya unyevu. Lakini hewa ikishaushika, huanza kugeuka kahawia, na ukikaa huelekea weusi. Baada ya hapo sabuni haina la kufanya. Shati la kazi za shambani huwa na alama hizo mpaka siku linapokuwa tambara la kupigia deki.

Sasa tazama mstari wa namna hii, ambao hukutana nao mara kwa mara: Shati la shule la Musa lilikuwa na madoa ya kahawia yaliyoonyesha kwamba alikuwa mtoto mtundu. Mwandishi ametoa hukumu, akatumia doa kama muhuri wa kuipigia. Tabia ya utomvu ingempa kitu kikubwa zaidi kama angeitegemea:

Ijumaa jioni Musa alivua shati lake la shule, akalikagua dirishani. Jeupe. Akalitumbukiza kwenye beseni pamoja na nguo nyingine, akakimbilia uwanjani. Jumapili mama yake alilianua kambani, akalikung'uta, na mkono ukasimama. Michirizi minne ya kahawia ilishuka kutoka kifuani mpaka tumboni, pale ambapo mtoto hukumbatia mkungu uliomzidi uzito. "Musa," aliita bila kupaza sauti, "ndizi za Babu Ishengoma zimekatwa na nani?"

Utundu haukutajwa na msomaji ameuona. Zaidi ya hapo, msomaji amepata uwongo, muda, uzito wa mkungu, kimo cha mtoto, na mama anayejua kusoma nguo. Yote hayo yametoka katika jambo moja, kwamba doa la utomvu huchelewa kutokea. Mtunzi asiyelijua angeandika doa la kahawia palepale shambani, Musa angeliona, angelificha shati, na hadithi ingekufa.

Manjano ya jikoni nayo yana siri yake. Mchuzi wenye manjano ukimwagikia kanzu nyeupe huacha doa la njano linalong'aa, na kila mtu amelizoea. Wachache huandika kinachofuata. Ukilipaka sabuni ya kipande, njano ile hugeuka nyekundu ya kutu papo hapo, kwa sababu rangi iliyomo ndani ya manjano hubadilika inapokutana na magadi ya sabuni. Ukisuuza vizuri, hurudi kuwa njano. Na ukianika juani, siku hadi siku hufifia mpaka ikaondoka, kwa kuwa rangi ya manjano haivumilii mwanga. Sasa mweke uani mke mgeni, wiki ya kwanza katika nyumba ya wakwe zake Unguja, anafua kanzu ambayo mumewe ataivaa kwenda msikitini Ijumaa. Anapaka sabuni, doa linageuka jekundu mikononi mwake. Anazidisha sabuni, wekundu unazidi. Mama mkwe anapita, anatazama, na hapo ndipo hadithi inapoamua ni mama mkwe wa namna gani. Anaweza kusema, "Suuza tu, mwanangu, kisha uitandaze juani." Anaweza pia kupita kimya na kumwacha binti wa watu ahangaike. Doa ni lilelile. Tofauti yote imo katika jinsi mwenye kujua anavyomtendea asiyejua. Ndiyo maana nasisitiza mtunzi ajue namna doa linavyotolewa, maana ujuzi wa kutoa madoa hurithiwa kwa mama na nyanya, na katika kurithishana huko mna mapenzi, dharau na siri.

Damu ndiyo inayoharibiwa kuliko zote, hasa katika hadithi za upelelezi. Mpelelezi anaingia chumbani siku ya tatu baada ya mauaji, anakuta damu nyekundu sakafuni. Haiwezekani. Damu ni nyekundu ikiwa mbichi. Ikikauka hukolea, kisha hugeuka kahawia, na ikikaa sana huelekea weusi, kwa kuwa chuma kilichomo ndani yake hubadilika hali kinapokutana na hewa. Kwenye kitambaa chepesi huenea na kuacha ukingo uliokolea kuliko katikati. Kwenye sakafu ya simenti hunywewa, ukibaki weusi unaoweza kudhaniwa ni oili. Mpelelezi makini angejua hata kabla ya kuinama kwamba tukio si la usiku wa jana.

Na kuna jambo wanawake wengi wanalijua ambalo wanaume wengi wanaoandika upelelezi hawalitumii. Damu haifuliwi kwa maji ya moto. Moto huigandisha kwenye uzi wa nguo, na doa likishagandishwa hivyo ni vigumu mno kulitoa. Hulowekwa kwenye maji baridi, wengine hutia chumvi. Muuaji wa haraka atachemsha maji ajifutie ushahidi, na kwa kufanya hivyo ataufunga. Lakini mpelelezi akikuta shuka limelowekwa kwenye ndoo ya maji baridi yenye chumvi, afadhali aanze kujiuliza ni nani ndani ya nyumba ile aliyezoea kufua damu. Swali hilo peke yake linaweza kubeba sura nzima ya riwaya.

Nimetaja muda mara kadhaa kwa sababu hapa ndipo doa linapomfaa mtunzi kuliko popote. Kila msimulizi ana tatizo la kusema muda umepita bila kuandika "baada ya miezi miwili". Vitu vinavyobadilika rangi humsaidia kulisema. Hina ni mfano ninaoupenda. Ikibanduliwa tu mkononi huwa na rangi ya machungwa. Hukolea kesho yake na kesho kutwa mpaka ikawa kahawia iliyoiva. Kwa hiyo anayeandika kwamba bibi harusi alibandua hina na viganja vikatokea vyeusi palepale anaandika piko, ile rangi nyeusi, bila kujua. Viganjani hina huisha baada ya wiki chache, ngozi inavyojivua. Kwenye kucha haiishi, huondoka kwa kukua. Kucha za mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Basi Salma aliyeolewa Mombasa, mume akarudi kazini Muscat baada ya fungate, hahitaji kalenda ukutani. Mwandishi ataandika kwamba viganja vyake vimekuwa vitupu, na kwamba kila ukucha sasa una nusu mbili: ya mbele ina wekundu wa harusi, ya nyuma ni safi na inazidi kuisukuma ile nyingine nje. Anapokata kucha kwa wembe, vipande vyekundu vinaanguka kwenye mkeka. Msomaji wa pwani atajua hesabu. Atajua pia kwamba mke anayemngoja mume hupaka hina nyingine, na kama Salma hajapaka, atataka kujua sababu.

Wino wa kura ni ndugu wa hina katika hili. Nchini Kenya mpiga kura huchovywa au kupakwa wino kidoleni. Wino wa aina hiyo huwa na nitreti ya fedha, ambayo hukolea inapopigwa na mwanga. Kwenye ngozi huondoka baada ya siku kadhaa, lakini kwenye ukucha hudumu kwa majuma, mpaka ukucha ukue. Mhusika aliyewaambia jamaa zake kwamba siku ya uchaguzi alikuwa safarini Kampala, halafu akapokea kikombe cha chai kwa mkono wenye ukucha mweusi, ameshajisema.

Karatasi na picha zina kanuni zao pia. Gazeti huwahi kuwa njano kuliko kitabu kizuri, kwa sababu karatasi yake hutengenezwa kwa mbao zisizosafishwa sana, na unjano huanzia kingoni ambako hewa na mwanga hufika kwanza. Barua iliyokunjwa kwa miaka ishirini haiwi njano sawasawa. Ndani ya mikunjo hubaki nyeupe kidogo. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980, zikiwa zimekaa gizani ndani ya albamu, mara nyingi huelekea wekundu, kwa kuwa rangi ya ubuluu ndiyo iliyotangulia kufa. Bango lililobandikwa kwenye kioo cha duka hufanya kinyume: jua hula wekundu na unjano kwanza, nyuso za watu zikabaki na ubuluu wa ajabu. Mtunzi anayejua tofauti hiyo anaweza kuonyesha kwamba picha ya marehemu iliyopo ukutani haikukaa sandukuni kama mjane anavyodai. Ilikuwa ukutani mahali pengine, juani, kwa mtu mwingine.

Kanuni moja inatembea katika mifano hii yote, nayo ni kwamba rangi haibadiliki sawasawa. Ukiandika "mlango ulikuwa umefubaa", umeandika mlango wa nchi yoyote. Tazama milango ya kuchonga ya Zanzibar na Lamu yenye misumari mikubwa ya shaba. Misumari ya juu isiyofikiwa imekuwa ya kahawia, mingine imeshika ukijani kwa hewa ya chumvi. Iliyo kwenye kimo cha bega na mkono inang'aa, kwa sababu watu huishika na kuiegemea wakipita. Mpaka kati ya shaba iliyokufa na shaba iliyo hai unaonyesha kimo cha wenye nyumba. Ndani vilevile: weusi unaozunguka swichi ya taa, mkono wa kiti uliokoza pale mzee anapowekea kiwiko, mstari ukutani nyuma ya benchi ambapo vichwa vyenye mafuta ya nazi vimeegemea. Hayo ndiyo ya kuandika. Yanatuambia mtu alikaa wapi na kwa muda gani, hata kama mtu huyo ameshaondoka kabla hadithi haijaanza.

Kuta ningependa tukae nazo kidogo, maana mandhari nyingi za hadithi zetu zimo kati ya kuta, na kuta zote huandikwa kana kwamba ni ukuta mmoja. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na za Lamu iliyoingizwa 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa chokaa. Kuta hizo hunywa maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa umebeba chumvi; maji yakikauka, chumvi hubaki juu ya ukuta kama unga mweupe, na plasta huvimba, hupasuka na kubambuka. Ndiyo maana ukuta wa nyumba ya aina hiyo huwa na hali mbili, juu umetulia na chini unamomonyoka. Kisha huja mwenye nyumba aliyechoka kupaka chokaa kila mwaka, akamwita fundi apige simenti. Simenti haipumui. Unyevu unaokosa pa kutokea chini hupanda, ukatokea juu ya mpaka wa simenti, kwenye ukuta wa mpangaji. Hapo mtunzi ana ugomvi wa nyumba nzima, na ushahidi wake umechorwa ukutani. Uzito wa mambo haya uliwafikia watu wote tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la kale la Beit el Ajaib ilipoporomoka pale Forodhani. Anayeandika nyumba ya namna hiyo anaandika jengo linalougua, na madoa yake ndiyo dalili.

Ukienda bara, doa la ukuta huja kwa njia nyingine. Halipandi kutoka ndani, hurukia kutoka nje. Mvua kubwa ikipiga udongo mwekundu wa Njombe au Murang'a, matone hudunda na kurusha matope kwenye sehemu ya chini ya ukuta mweupe. Baada ya masika nyumba huwa imevaa pindo jekundu pande zote, refu zaidi pale ambapo paa ni fupi. Mtu anayepaka ukuta wake upya kila Krismasi na yule aliyeacha pindo likarundikana mwaka juu ya mwaka ni majirani wawili tofauti, na hatuhitaji kuambiwa hivyo. Kwenye dari, maji ya paa linalovuja huacha duara lenye ukingo wa kahawia, kwa kuwa maji husukuma uchafu mpaka mwisho wake na kuuacha pale yanapokaukia. Mvua inayofuata huchora duara jingine. Mgonjwa aliyelala chali kitandani anaweza kuhesabu masika na vuli bila kuondoka mahali pake.

Kuhusu maneno, nina machache ya kusema, lakini nayasema kwa nguvu. Kiswahili kimetupa vitenzi vya kila aina ya mabadiliko ya rangi, na huwa nahuzunika nikiviona vimeachwa. Kanga huchuja, bati hushika kutu, shuka lililokunjwa likiwa bichi huota kawa, sinia la shaba hufubaa, ngozi isiyopakwa mafuta hupauka, damu huvilia chini ya ngozi, uso wa mgonjwa husawijika. Anayeandika "imebadilika rangi" kwa yote hayo amewanyima wasomaji wake chanzo cha kila moja. Kitenzi kikiwa sahihi, chanzo kimo ndani yake: kawa haioti juani, na kanga haichuji sandukuni. Kivumishi kije baadaye, kama bado kinahitajika. Mara nyingi hakihitajiki.

Baada ya kitenzi kuna jicho. Ni nani anayeliona doa? Chukua shuka la nyumba ya wageni lenye alama ya kahawia upande wa miguuni. Mhudumu anayelitandua anajiuliza kama litatoka kwa jiki au atakatwa mshahara. Mke aliyemfuata mume wake hapo anajiuliza ni la nani. Askari anajiuliza ni la lini. Doa ni moja na kila mmoja ataliita jina lake, atalilinganisha na kitu cha kazi yake, na kuna atakayekataa kabisa kulitazama. Fundi gereji huona oili mahali ambapo mpishi huona mchuzi uliokatika. Mbanguaji korosho wa Mtwara hatashangazwa na vidole vyeusi vya mwenzake, kwa sababu anajua mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi, na anajua kwamba maji ya bibo yakishaingia kwenye nguo ndiyo basi. Ukimwandikia mhusika huyo mshangao, umemnyang'anya maisha yake ukampa macho ya mtalii.

Hapo ndipo nina ombi zito kwa waandishi wenzangu. Tuache kuwapaka maskini uchafu ili wajulikane kuwa maskini. Katika mswada baada ya mswada, mtu asiye na pesa huwa na shati lenye madoa, meno mabovu na chumba chenye kuta nyeusi, kana kwamba ufukara ni uvivu wa kufua. Wanaoishi nao wanajua ukweli ulivyo. Mzee mwenye kanzu moja ya Ijumaa ndiye anayeifua kwa uangalifu kuliko wote na kuitia nili ili weupe wake usigeuke njano, na kama ukiona kasoro, pengine ni mabaka hafifu ya ubuluu mahali nili ilipozidi. Baka hilo la ubuluu ni la umaskini, na pia ni la heshima. Mama anayeishi chumba kimoja hupigia sufuria zake mchanga na majivu mpaka zikang'aa kuliko za kwenye nyumba yenye msaidizi. Ukosefu wa pesa huonekana zaidi kwenye kilichofuliwa mno: kola iliyosuguliwa mpaka uzi ukatokea, sketi ya shule ambayo buluu yake imebaki kwenye mshono tu. Ukiandika hivyo umeandika ufukara na jitihada kwa pamoja, na mhusika wako atabaki mtu.

Meno yanahitaji uangalifu wa pekee. Mwandishi wa mjini hupenda kumpa mhusika meno ya kahawia ili tumdhanie mlevi au mchafu. Lakini sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa upande wa Kenya, maji ya chemchemi na visima hubeba floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, katika baadhi ya maeneo ikipita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka, hutokea yakiwa na mabaka ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Kwa hiyo meno hayo yanasema mtu alikulia wapi. Msichana wa Arumeru anayesoma chuo Dar es Salaam na kucheka akiwa ameziba mdomo ni mhusika kamili tayari. Na kijana anayemwona akamwuliza kwa upole, "Dada, wewe ni wa kwetu?" naye akiwa na mabaka yaleyale, ameanza mapenzi ambayo hakuna maua yangeyaanza vizuri zaidi.

Kuna hatari nyingine, ya kupenda doa kupita kiasi. Mtunzi akishajifunza haya hutaka kuonyesha kila kutu na kila masizi, na ukurasa ukawa mzito. Kwa hadithi fupi, doa moja lililotunzwa linatosha. Litokee mapema kama jambo dogo, lirudi likiwa limebadilika, na mabadiliko yake yafanane na muda halisi uliopita. Na usilifasiri. Ukiandika kwamba doa la kwenye zulia lilikuwa kama doa kwenye ndoa yao, umemkata msomaji kauli alipokuwa karibu kuligundua mwenyewe. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina la Makbeth mwaka 1968, mke wa Makbeth ananawa mikono ambayo haina chochote. Hadhira haioni doa lolote, inaona kunawa. Mara nyingine basi ondoa doa lenyewe ukabakiza mtu anayesugua. Kwenye rasimu yako jaribu kuifuta sentensi inayolieleza doa na uache ile inayoonyesha mkono ukifanya kazi juu yake. Kama kisa bado kinasimama, ile ya kwanza ilikuwa ya ziada.

Zoezi ninalowapa wanaoanza ni la nyumbani na halina gharama. Tafuta shuka kuukuu jeupe, ulichane vipande vya ukubwa wa leso. Kimoja kitie chai ya rangi, kingine manjano, kingine utomvu wa ndizi mbichi, kingine damu ya samaki, kingine kizungushie msumari uliolowa. Kimoja kikunje kikiwa bichi ukitie kwenye mfuko wa nailoni. Kila kipande kikate nusu: nusu moja ifue leo, nusu nyingine iache mpaka wiki ijayo ndipo uifue, kwa maji ya baridi na kwa maji ya moto. Vitazame kila asubuhi na uandike sentensi moja tu kwa kila kipande, bila kutaja jina la rangi. Tarehe iandike kwenye pembe ya kitambaa kwa penseli. Wino wa kalamu utachuja ukifua, nawe utabaki na doa usilojua ni la lini.